UZI: Nilivyotembezwa Ostia Antica, bandari ya kale ya Roma, na kilichonigusa mimi mtu wa bandarini

Mzee wa Gati (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Wapo walioniomba inbox nisimulie safari yangu ya Italia, nikaona niweke hapa jukwaani wote wasome.

Kwa wasionifahamu: miaka 22 nimefanya kazi bandarini Tanga, mingi kati ya hiyo nikiwa karani wa kuhesabu mizigo inaposhuka kutoka melini. Mdogo wangu ni sista, yuko Roma kimasomo. Nilipokwenda kumtembelea nikamwambia, "Sista, nipeleke mahali ambapo mimi na kazi yangu hii nitaelewa ninachokiona." Akasema basi tutakwenda Ostia, maana na yeye ana sababu yake ya kwenda huko. Sababu yake nitaieleza mbele.

Ostia ilikuwa bandari ya Roma. Jina lenyewe linatokana na neno la Kilatini lenye maana ya mdomo, kwa kuwa mji ulikaa mdomoni mwa mto Tiber, pale unapomwagikia baharini. Leo ukifika huoni bahari wala meli. Mchanga wa mto umesukuma ufukwe mbali kilomita kadhaa, na mafuriko ya mwaka 1557 yakauhamisha hata mto wenyewe. Bandari imebaki nchi kavu.

Mji huu haukufa kwa volkano kama Pompeii. Ulipungukiwa taratibu. Biashara ikahama, mto ukajaa mchanga, malaria ikaingia, watu wakaondoka, udongo ukafunika. Ndiyo maana kuta bado zimesimama mpaka ghorofa ya pili baadhi ya sehemu, na unatembea katika mtaa kama mtaa, kona kwa kona.

Tulichukua mwongozaji, mama mmoja aliyesomea akiolojia, tukawa kikundi cha watu 11. Tulitembea kwa miguu muda wa saa tatu na nusu. Kabla ya lango alitusimamisha kwenye makaburi. Warumi hawakuruhusu kuzika ndani ya mji, kwa hiyo makaburi yamepangwa kando ya barabara iendayo Roma, na kila mgeni aliyeingia aliwapita kwanza marehemu wa mji ndipo akawakuta walio hai. Nilinyamaza kidogo hapo. Pale Tongoni kwetu pia, msikiti wa kale umezungukwa na makaburi ya nguzo, na huwezi kwenda kuuona bila kupita katikati yao.

Ukivuka lango unaingia barabara kuu, wanaiita Decumanus Maximus. Imetandikwa mawe makubwa meusi ya volkano na inanyooka mpaka macho yanachoka. Tulipanda jukwaa dogo kulia tukachungulia chini kwenye bafu la umma la Neptune. Sakafu nzima ni mozaiki, yaani picha iliyopangwa kwa vijiwe vidogo vyeusi na vyeupe: mungu wa bahari anaendesha farasi wanne wenye mikia ya samaki, na viumbe vya majini wamemzunguka pande zote. Bafu hilo lilikamilika mwaka 139 B.K. Nyuma yake ipo kambi ya zimamoto. Ndiyo, zimamoto, kikosi kamili kilichotoka Roma, kwa sababu mji wenye maghala ya nafaka hauwezi kulala bila walinzi wa moto.

Nasimama hapa kwanza, nitaendelea. Yajayo ndiyo yaliyonifanya niandike.

Binti Pangani

Tupo hapa mkuu, endelea. Usisahau kueleza jinsi ya kufika, mwezi wa tisa napita Roma siku tatu.

Mzee wa Gati

Binti Pangani, nitaeleza mwishoni, usijali.

Naendelea. Kutoka bafuni tukafika ukumbi wa maigizo, wa ngazi za mawe kwa umbo la nusu duara. Ulijengwa na Agrippa, mkwe wa Kaisari Augusto, ukapanuliwa karibu miaka 200 baadaye ukaweza kukalisha watu elfu tatu mpaka nne. Watalii wengi wanapiga picha hapo wanaondoka. Yule mama mwongozaji akatupeleka nyuma ya ukumbi, na hapo ndipo moyo wangu ulipoanza kwenda mbio.

Nyuma kuna uwanja wa mstatili, katikati pana hekalu dogo, na kuzunguka pande tatu kuna vyumba vidogo vidogo kama 60. Wanauita Uwanja wa Vyama. Kila chumba kilikuwa ofisi ya wenye meli au wafanyabiashara wa mji fulani, na mbele ya mlango, chini, pana mozaiki inayotaja ni ofisi ya nani. Wakuu, hizo ni ofisi za mawakala wa meli! Narbonne ya Ufaransa ipo. Wenye meli na wafanyabiashara wa Cagliari, kisiwani Sardinia, wapo, na meli yao imechorwa na tanga lake. Carthage ipo. Alexandria ipo. Sabratha, ambayo leo iko Libya, wao wameweka tembo. Ofisi nyingine zina mnara wa taa wa bandari, nyingine pipa la kupimia nafaka, nyingine pomboo.

Nilitembea chumba hadi chumba kama ninavyopita mtaa wa mawakala wa forodha asubuhi nikiwa na bahasha ya nyaraka mkononi. Mwenzangu mmoja katika kikundi, mzee wa Kijerumani, aliniuliza mbona nakaa sana kwenye kila mlango. Nikamwambia, hii ni ofisi yangu.

Mwanafunzi wa Kale

Mkuu huyo tembo wa Sabratha ni kwa ajili ya pembe? Na pembe za huku kwetu pwani zilifika huko kweli au ni maneno ya vijiweni?

Mzee wa Gati

Swali zuri. Kuhusu tembo wa Sabratha, wataalamu wanabishana kama anamaanisha pembe za ndovu au wanyama hai waliopelekwa kwenye michezo ya mauaji huko Roma. Sabratha ilipokea mizigo iliyotoka kusini kupitia jangwani.

Pembe za kwetu si maneno ya vijiweni. Ipo kumbukumbu ya karne ya 1 B.K., iliyoandikwa kwa Kigiriki na mfanyabiashara aliyeifahamu njia ya bahari kutoka Misri, inayojulikana kama Periplus. Anaitaja pwani yetu kwa jina la Azania, na soko lake la mwisho analiita Rhapta, akisema pana pembe za ndovu nyingi, na magamba ya kasa. Anasema pia kuwa manahodha na mawakala wa Kiarabu waliokwenda huko walijua lugha ya wenyeji na kuoa kwao. Shehena za njia hiyo zilipanda Bahari ya Shamu hadi Misri, zikashuka kwa mto Nile hadi Alexandria, na kutoka Alexandria meli zilivuka kwenda Italia. Kwa hiyo niliposimama kwenye mlango wa watu wa Alexandria nilikaa muda mrefu kuliko kwenye mlango wa tembo.

Fundi Chokaa

Mimi ni fundi ujenzi, nauliza la kwangu. Ukuta umesimaje miaka 1900 bila nondo?

Mzee wa Gati

Fundi, hili niliuliza kwa niaba yenu. Ndani ya ukuta ni zege la chokaa na kokoto, na siri iko kwenye mchanga: walichanganya chokaa na majivu ya volkano yanayoitwa pozzolana. Mchanganyiko huo unashika hata ndani ya maji, ndiyo maana walijengea magati pia. Nje wakafunika kwa tofali nyembamba za kuchoma. Kuta za zamani zaidi zina vijiwe vilivyokatwa pembe nne na kulazwa kimshazari, mpaka ukuta unafanana na wavu wa kuvulia samaki. Ukijua hilo, unaweza kukadiria umri wa jengo kwa kulitazama tu.

Na tofali zao zilipigwa mihuri. Zipo nyingi zenye majina ya makonsuli (viongozi wakuu wa Roma waliowekwa kila mwaka) wa mwaka 123 B.K., hivyo mwanaakiolojia anachomoa tofali moja anajua ukuta haujajengwa kabla ya mwaka huo. Wewe kwenu Gede na Kilwa mmetumia matumbawe na chokaa ya kuchoma kwenye tanuu. Kanuni ya chokaa ni moja, ila wao walibahatika kuwa jirani na volkano.

Nyumba zenyewe ni za ghorofa za kupanga. Chini maduka, juu wapangaji. Kuna moja inaitwa Nyumba ya Diana, na ng'ambo ya njia yake upo mgahawa ambao kaunta ya marumaru bado ipo, rafu za vikombe zipo, na ukutani imebaki picha ya vyakula vilivyouzwa. Nyuma pana ua wenye chemchemi, wa kukalia. Nilipitisha mkono hewani juu ya ile kaunta (kugusa hairuhusiwi) nikawaza makuli waliokunywa pale wakitoka zamu.

Kijana wa Moshi

Kwa heshima zote mkuu, Pompeii ni zaidi. Nimefika. Michoro ya ukutani ya Pompeii hakuna pengine duniani.

Mzee wa Gati

Kijana wa Moshi, kwenye michoro nakukubalia moja kwa moja. Ostia haina rangi za namna hiyo.

Lakini fikiria hivi: Pompeii ilifunikwa mwaka 79 B.K., maisha yakakatika kwa siku moja au mbili. Ostia ikaendelea kuishi miaka mia kadhaa zaidi, ikabomoa na kujenga upya. Yale maghorofa ya tofali ya karne ya 2 huyaoni Pompeii, kwa sababu wakati huo Pompeii ilikuwa tayari chini ya majivu. Roma yenyewe ilijaa maghorofa ya aina hiyo, karibu yote yameangushwa au yamejengewa juu. Anayetaka kuona Mroma wa kawaida, mpangaji asiye na bustani wala mtumishi, aliishije, aende Ostia. Tena kwa utulivu, wageni ni wachache, unaweza kusimama peke yako mtaani ukasikia ndege.

Mzee wa Gati

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Tulipita uwanja wa mji, wenye hekalu kubwa la tofali, Capitolium, lililojengwa karibu mwaka 120 B.K. Lilikuwa limevikwa marumaru kila upande, na marumaru hiyo yote ikachukuliwa karne za baadaye ikajengee makanisa na majumba mengine. Tukapita vyoo vya umma, benchi la marumaru lenye matundu kama 20, bila kizuizi kati ya mtu na mtu. Hapo sikukaa sana.

Kisha mama akatuongoza barabara ielekeayo kwenye mto, akatuingiza kwenye ukumbi wa chama cha wapimaji wa nafaka. Kilatini wanaitwa mensores. Sakafuni ni mozaiki. Mtu mmoja amebeba gunia begani. Katikati lipo pipa la kupimia, modius, lenye ujazo wa karibu lita 9. Mpimaji ameshika fimbo iliyonyooka ya kusawazishia. Na kuna kijana ameshika kamba yenye vipande vya kuhesabia, kila pipa likijaa na kumwagwa anahesabu kipande.

Wakuu, yule kijana ni mimi.

Mwaka 1998 nilipoanza kazi, nilipewa kitabu na penseli nikasimamishwa kwenye ngazi ya meli kuhesabu magunia. Kuli anapita, unapiga mstari. Wanne, na wa tano unakata. Ukikosea gunia moja, jioni mnagombana watu watatu: wa meli, wa ghala na mwenye mali. Nilikuwa nadhani hiyo ni kazi ndogo, isiyo na jina. Kumbe walikuwepo watu wenye chama chao, na ukumbi wao, na hekalu pembeni, na walijivunia kazi yao kiasi cha kuipamba sakafuni ili kila anayeingia aione.

Na haikuwa kazi ndogo hata kidogo. Mji wa Roma haukuweza kujilisha. Nafaka ilitoka Misri na Afrika ya Kaskazini, hasa Tunisia ya leo. Wakati wa Augusto wananchi 200,000 wa Roma walipewa nafaka bure, modii 5 (yaani mapipa 5 ya kupimia) kwa mwezi kila mmoja. Meli kubwa hazikuweza kupanda mto, hivyo mzigo ulishushwa, ukapimwa, ukawekwa ghalani, ukapakiwa tena kwenye mashua ndogo zilizovutwa kwa kamba mpaka Roma. Pipa la mpimaji likidanganya, mtu wa chini kabisa ndiye anayelala njaa.

Mama Kibaigwa

Nimesoma hapa nikaacha kazi. Mimi ni mfanyabiashara wa mahindi. Hiyo fimbo ya kusawazisha ndiyo vita yetu ya kila msimu. Mnunuzi anakuja na gunia la lumbesa, limeshonewa kichwa juu, anataka kulilipia kama gunia la kawaida. Sheria ya vipimo inakataza, lakini shambani nani anasimamia? Mkulima analia. Bibi yangu alikuwa anatofautisha kibaba cha tele, kilichofurika juu, na kibaba cha mfuto, kilichosawazishwa, na alikuwa anasema kabisa kabla ya kuuza ni kipi. Hao Warumi waliweka mfuto kwenye sakafu ya ofisi. Nimefurahi sana.

Mzee wa Gati

Mama Kibaigwa, umenipa maneno niliyoyakosa siku ile. Mfuto! Nilihangaika kumweleza sista kwa Kiswahili ile fimbo inafanya nini, nikaishia kuonesha kwa mkono. Asante sana.

Sauti ya Pwani

Mzee, uzi mzuri, ila naomba tusiwasahau waliobeba. Bandari ile iliendeshwa kwa watumwa. Sisi watu wa pwani tunajua mji mzuri wa mawe unaweza kuwa umesimama juu ya migongo ya nani.

Mzee wa Gati

Uko sahihi, na mwongozaji wetu hakuficha. Alitupeleka kwenye kiwanda cha mikate, ambako mawe ya kusagia ya basalti bado yamekaa kwenye mstari. Sakafu imetandikwa mawe magumu ili punda wasiteleze wakizunguka, na watumwa walifanya kazi humo humo kwenye vumbi na joto la tanuru. Akasema tusimame dakika moja bila kupiga picha. Tukasimama.

Kisha akatuonesha ghala moja lenye lango zuri kuliko mengine yote mjini, la tofali, nguzo mbili na bamba la marumaru juu. Bamba linataja wenye mali: Epagathus na Epaphroditus. Majina ni ya Kigiriki, majina waliyokuwa wakipewa watumwa. Walikuwa watumwa walioachiwa huru, wakafanya biashara, wakajenga ghala lao katikati ya karne ya 2 na kuandika majina yao langoni kwa herufi kubwa. Milango ilikuwa na kufuli mara mbili. Sista alisoma yale majina kwa sauti, polepole, mara mbili.

Na bahari nayo ilichukua wengi. Kaisari Klaudio alianza kujenga bandari mpya kaskazini mwa mji mwaka 42 B.K., akaizamisha meli kubwa iliyoleta mnara wa jiwe kutoka Misri iwe msingi wa mnara wa taa. Lakini mwaka 62 dhoruba ikaingia humo humo bandarini ikaharibu meli karibu 200. Mtu aliyewahi kuona upepo wa kusi ukigonga meli gatini ataelewa hiyo namba. Ndipo baadaye Kaisari Trajano akachimba bwawa la pembe sita ndani zaidi, kila upande karibu mita 358. Bwawa hilo lipo mpaka leo na maji yake.

Katekista Songea

Mzee, ulisema sista alikuwa na sababu yake. Ni Mtakatifu Monika?

Mzee wa Gati

Ndiyo, Katekista. Mtakatifu Monika alifia Ostia mwaka 387, na mama yetu mzazi alibatizwa kwa jina hilo.

Monika na mwanawe Augustino walikuwa Waafrika, wenyeji wa Thagaste, Algeria ya leo. Walikuwa Ostia wakisubiri chombo cha kuwarudisha nyumbani. Augustino ameandika kwamba walisimama wawili dirishani, wakitazama bustani ya nyumba waliyofikia, wakazungumza juu ya uzima wa milele. Siku chache baadaye mama akashikwa na homa, akafariki ana miaka 56. Ndugu wa Augustino alitamani mama azikwe kwao. Monika akasema mwili wazikeni popote, msihangaike nao, ila mnikumbuke altareni.

Baada ya matembezi tulivuka kwenda kijiji kidogo kilicho karibu na lango, chenye ngome na kanisa la Sant'Aurea. Hapo mwaka 1945 vijana waliokuwa wakichimba shimo la nguzo ya mchezo walikuta kipande cha marumaru, kumbe ni maandishi ya kaburi lake. Mabaki yake yalikwishahamishiwa Roma mwaka 1430. Sista alisali rozari nzima. Mama yetu alifariki mwaka juzi, sista akiwa Roma, hakuwahi maziko. Mimi nilikaa benchi la nyuma nikamsubiri.

Binti Pangani

Poleni sana mzee. Mungu ampumzishe mama. Naomba sasa yale ya kufika.

Mzee wa Gati

Amina, binti yangu. Shika haya:

Panda metro mstari B mpaka Piramide. Jirani yake kuna stesheni ya Porta San Paolo. Hapo chukua treni ya kuelekea Lido, ushuke Ostia Antica. Ni kama nusu saa. Tiketi ya kawaida ya usafiri wa jiji inatosha. Ukishuka unavuka daraja la waenda kwa miguu juu ya barabara kuu, unanyoosha mbele.

Jumatatu wamefunga, usije ukapoteza siku. Vaa viatu vya soli ngumu, yale mawe meusi yana mifereji ya magurudumu ya mikokoteni na kifundo kinateguka kirahisi. Kofia na maji, kivuli ni kidogo. Mwongozaji chukua mwenye leseni, na kabla hamjaanza mwambie unataka Uwanja wa Vyama na ukumbi wa wapimaji, kwa sababu ukumbi huo uko mbali kidogo na njia ya wengi na matembezi mafupi huwa hayafiki.

Ukibaki na nguvu, tembea mpaka mwisho kabisa, nje ya lango la baharini. Kuna sinagogi lililogunduliwa mwaka 1961 wakati wa kujenga barabara ya uwanja wa ndege, moja ya makongwe kabisa Ulaya Magharibi, na kinara cha taa saba kimechongwa kwenye jiwe juu ya nguzo. Sisi tulifika jua linashuka, ndege za Fiumicino zikipita juu ya vichwa, tukawa wawili tu na paka mmoja.

Binti Pangani

Nimeandika yote. Nikifika kwa wapimaji nitamtafuta yule kijana wa kamba nikupigie picha mzee.

Mzee wa Gati

Ipige kwa karibu mkono wake unaoshika kamba. Yangu ilitoka na ukungu, mkono ulikuwa unatetemeka.